Ya Pipa

Neno lake la kwanza halikuwa mama,
wala halikuwa mimi.
Lilikuwa *aji*,
na alilitamka mkono umezama hadi begani
ndani ya ndoo ya kupigia deki.

Tulimwita Jerop kwa sababu siku ile mvua
ilipiga mabati ya zahanati hata mkunga akawa anapiga kelele.
Shangazi zake wanasema jina huvuta.
Mimi nasema ni ukaidi tu, wa upande wa mama yake.

Kwetu Kaptembwa maji huja Jumanne usiku,
na Ijumaa yakipenda.
Mfereji hukohoa kwanza,
kama mtu anayebisha hodi na hataki kuingia,
nasi tunaamka na mitungi, tunajaza sufuria, tunajaza birika,
tunajaza lile pipa la buluu pembeni mwa mlango
ambalo nyumbani kwetu lina heshima kuliko kabati.

Jerop hana habari ya mgao.
Amekwisha kuosha rimoti.
Amekwisha kumwogesha kuku wa jirani, na tukaomba radhi.
Kutwa nzima ni: Jerop, acha!
Jerop, hayo ni ya kupikia.
Jerop, hayo ni ya pipa, ya pipa hayachezewi!
Hututazama kwa huruma,
kisha huchovya kikombe.

Basi nikaruka chakula cha mchana siku tatu,
nikapata ada,
na Jumamosi tukapanda hadi hoteli moja huko Milimani,
yeye mgongoni na kikombe chake cha manjano,
mimi na kaptura yangu ya mpira ndani ya mfuko wa unga.

Mwalimu Nyaboke alikuwa na filimbi na mabega mapana.
"Baba, wewe unajua kuogelea?"
Nikamwambia nimekulia Elburgon.
Akaelewa.

Maji yale sijui niyaseme vipi.
Yamelala tu. Hayana foleni.
Hakuna mtungi hata mmoja unaoyangoja.
Nilianza kuyahesabu kwa mapipa,
nikafika arobaini, nikaona naharibu siku.

Watoto wengine walilia.
Jerop hakulia, wala hakuingia.
Alisimama ukingoni, maboya yamemvimba mikononi kama mandazi,
akanikazia macho.
Alikuwa anasubiri kitu.
Nilichelewa kujua kwamba anasubiri sauti yangu:
Jerop, acha.

Sikuwa nayo. Wala *ingia* haikunitoka.
Nikashuka mimi.
Baridi ikanishika mbavu, nikapiga yowe
mbele ya kina mama wote na mhudumu mwenye sinia.
Hapo akacheka,
na akiwa bado anacheka akajirusha kifuani pangu,
tukazama hadi masikioni,
tukaibuka tukitema.

"Somo la kwanza ni kupuliza," akasema Mwalimu,
kana kwamba hakuona kitu.
"Puliza uji, Jerop. Uji moto huo."
Akapuliza.
Uso mzima ndani ya bwawa, mapovu yakimzunguka,
anapoza uji wa hoteli nzima.
Mimi pia niliambiwa nipulize. Nilipuliza.

Nusu saa haikukaa.
Nikawa nafuta masikio kwa taulo, nimegeuka kidogo,
na nyuma yangu nasikia tepe, tepe, tepe,
miguu midogo, inakwenda, inarudi.
Nilipotazama, kiatu changu cha kulia kimejaa pomoni.
Cha kushoto kimefika nusu.
Naye yuko njiani, kikombe kwa mikono miwili,
ulimi nje, hatua kwa hatua,
asimwage hata tone.

Nikafungua mdomo. Lile neno lilikuwa tayari.

"Ya pipa," akaniambia.

Nikasubiri amalize cha kushoto.
Kisha nikavaa, hivyo hivyo,
tukateremka hadi Kaptembwa, yeye amelala, ananuka klorini,
viatu vikisema kwachu, kwachu,
na kila aliyepita akitazama juu
kutafuta mvua.